Vijitu vya Mtaa wa Mizani

Sinia lilipowashwa, vumbi la mwanga lilinyanyuka juu ya kioo, likazunguka kidogo kama unga uliopulizwa, halafu likatua likawa mtaa. Nyumba zikasimama, kila moja kimo cha kiberiti. Mapangaboi ya umeme wa upepo yakaanza kuzunguka kilimani. Na juu ya ukanda mwembamba uliopita katikati ya nyumba hizo kikatokea kijitu kimoja, kidogo kama punje ya mchele, kikasimama kusubiri kuambiwa la kufanya.

Otmar Nyagawa akakiambia kiende mbele.

Kikaenda. Kikapita nyumba, kikapita tangi la maji, kikafika ukingoni mwa sinia, na hapo kikaendelea kwenda, miguu inapiga, mwili hausogei, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

Mwalimu Atuganile alikuja akasimama nyuma yake, akamwuliza alikipa amri gani. Otmar akasema amekiambia kiende mbele. Je, amekiambia kisimame? Otmar akajibu kwamba mwenye akili akikuta ukuta husimama mwenyewe, hangoji kuambiwa.

"Hicho hakina akili, mzee wangu," mwalimu akasema. "Akili yake ni wewe."

Darasa zima likacheka, na Otmar akacheka nao, maana alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa ameendesha malori tangu ndevu zake hazijaota, Tunduma, Lusaka, Lubumbashi, hadi malori yalipojifunza kujiendesha yenyewe yakamwacha kando ya barabara na leseni yake mfukoni. Shule aliipata vipande vipande: miaka michache Njombe, mwaka mmoja kwa mapadre, nyingine aliisoma kwenye mabango na kwenye midomo ya watu. Sasa mvi zimemjaa kichwani, na amekaa kwenye dawati la chuo cha jiji pamoja na vijana wanaoweza kuwa wajukuu zake, anajifunza kuchunga punje za mchele.

Sababu ya kufika hapo inataka maelezo kidogo.

Makambako ya miaka hiyo haikuwa tena mji wa kushuka kwenye basi ukanunua mahindi ya kuchoma ukaondoka. Upepo wake ule wa kukata masikio ulikuwa umegeuzwa umeme, na umeme ukaleta viwanda, na viwanda vikaleta watu, hata mitaa ikapanda vilima vyote. Watu wengi namna hiyo wasingeweza kutembea kwa miguu wakafika popote, kwa hiyo jiji likaweka kanda. Ukanda ni njia inayotembea: unapanda mlangoni kwako, unasimama tu, nao unakupeleka sokoni, kazini, kanisani, msikitini.

Lakini ukanda nao haujui watu. Zamani jiji liliweka macho ya kioo kila kona, likatazama kila anayepita na anakwenda kwa nani, mpaka wananchi wakachoka, ikapitishwa Sheria ya Macho: ni marufuku mashine ya jiji kumtazama mtu. Ndipo wahandisi wakaja na vijitu. Badala ya kuwatazama watu wenyewe, wakatengeneza watu wa mwanga, wakawafundisha kutembea kama watu wanavyotembea, wakawaachia ndani ya Sinia Kuu pale makao makuu ya jiji. Vijitu vikijaa mahali, ukanda wa mahali hapo unaongezwa kasi. Vikisimama mahali, ukanda unapunguzwa mwendo. Hivyo mtu wa Makambako alibebwa asubuhi na jioni kwa kufuata mwenendo wa punje ambayo hakuwahi kuiona.

Kila mtaa ulikuwa na haki ya kutengeneza vijitu vyake. Mtaa usiojishughulisha ulipewa vijitu vya kiwandani, ambavyo vilijua mambo mawili tu: kwenda na kutogongana. Mtaa wa Mizani, uliopewa jina hilo kwa sababu zamani malori yalipimiwa uzito pale, haukujishughulisha. Ukanda wake ulikwenda mbio, na watu wakausifu.

Mpaka Festo Mwalongo alipoanguka.

Festo na Otmar walikuwa rika moja, wamezaliwa masika moja, wamecheza pamoja na kutukanana pamoja. Festo aliteleza jikoni kwake akavunjika nyonga, akalala sakafuni hatua chache kutoka mlangoni, na mlango ulikuwa wazi. Nje ukanda ukapita. Nao watu wa Mizani ni watu wa adabu, hakuna aliyepita bila kusalimia. Shikamoo Mzee Mwalongo. Habari za humo ndani, Mzee Mwalongo. Festo akaitikia kila mmoja kwa sauti ndogo aliyokuwa nayo, lakini sauti ilipofika mlangoni msalimiaji alikuwa ameshapelekwa nyumba ya tatu.

Aliyemwokoa alikuwa kibeba-mkate, roboti la duka la mikate, sanduku lenye magurudumu manne. Lilifika, likabisha hodi, likasimama. Lilikuwa limeamriwa lisiondoke bila kujibiwa, kwa hiyo halikuondoka. Lilisimama hapo likazuia nusu ya ukanda, watu wakagongana, wakakasirika, wakashuka kuja kulisukuma. Ndipo wakamsikia Festo.

Binti yake Festo, aliyeolewa Mbeya, alikuja hospitali akasema maneno ya binti mwenye uchungu. Kama ukanda ule utabaki vile, baba harudi Mizani. Nyonga ikipona atakwenda kukaa kwake, ghorofa ya kumi na kitu, ndani ya joto la mashine. Festo alimwomba Otmar amwinamie, akamnong'oneza kwamba ghorofani atakufa kwa kukosa mtu wa kumtukana.

Mtaa ukaitwa mkutanoni. Ikakubaliwa kwamba lazima mtu aende kusomea vijitu. Wenye elimu wakasema wana kazi, vijana wakasema wana mitihani. Otmar, ambaye miguu yake haikuwahi kuzoea kukaa, akasema ataenda yeye.

Basi akaenda, na hicho kijitu chake cha kwanza ndicho kilichopiga miguu ukutani kama mbuzi. Siku zilizofuata alikifundisha kwamba kikigusa ukuta kigeuke. Kikageuka, kikaenda ukuta wa pili, kikageuka, kikawa kinakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja kama askari wa lindo. Mwalimu akamfundisha bahati nasibu: kila hatua, kijitu kigeuke kidogo kulia au kidogo kushoto, kiasi chochote. Otmar akakiachia nyuzi nyingi mno za kugeukia, kikaenda kinayumba mtaa mzima.

"Hicho kimetoka kunywa ulanzi," mwalimu akasema.

"Basi ni cha Mizani kweli," Otmar akajibu.

Alipenda kazi hiyo kuliko alivyotegemea. Kila jambo alilolifanya maisha yake yote bila kufikiri, kuingia njia panda, kumpisha mwenye mzigo, kutomkanyaga mtoto, ilibidi sasa alivunjevunje alipe maneno: kama hivi, basi vile, la sivyo, endelea. Usiku wakati mwingine alilala akijitazama mwenyewe kwa namna hiyo, kama mtu anayelisikiliza lori lake kwa mara ya kwanza injini ikiwa wazi.

Jambo alilolijia alilifikia polepole. Aliviumba vijitu kimoja kimoja, kila siku viwili vitatu, akavifundisha salamu. Kijitu kikikutana na kingine, kitazame umri. Mwenzako akiwa mkubwa kwako, mpe shikamoo, subiri marahaba. Akiwa mdogo kwako, msubiri akuamkie, umwitikie. Baada ya hapo kila mmoja aende zake. Na sheria ya mwisho aliichukua kwa kibeba-mkate: usipojibiwa, usiondoke. Shuka kwenye ukanda, sogea karibu.

Mwalimu Atuganile aliitazama kazi hiyo, akasema ni nzuri, akamwonya tu kwamba vijitu kumi na viwili kwenye sinia la darasani si sawa na mtaa uliojaa. Otmar akasema barabara ni barabara.

Siku ya majaribio walipanda wote wawili makao makuu ya jiji. Mhandisi Kilasi, msimamizi wa Sinia Kuu, alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka, si mbaya. Alipomwona Otmar alisema "shikamoo mzee" huku macho yake yakiwa kwenye kioo, akaendelea na maneno mengine, na marahaba ya Otmar ikabaki mdomoni haina pa kwenda.

Sinia Kuu lilikuwa na upana wa uwanja wa mpira wa pete. Makambako nzima ilikuwa imo, inameremeta. Mhandisi akauondoa mtaa wa Mizani, akauweka peke yake mbele yao, mkubwa, akamwambia Otmar aujaze. Wakazi wa Mizani walikuwa maelfu. Otmar asingeweza kuviumba kimoja kimoja, kwa hiyo akatumia amri aliyofundishwa wiki ile ile, ya kuzalisha. Akakitwaa kijitu chake bora, akaamuru kizae mtaa mzima kwa mpigo mmoja. Vikamwagika juu ya ukanda kama mchele kwenye ungo, vikaanza kwenda.

Vilikwenda kidogo tu. Kila kijitu kilipokutana na mwenzake kilisimama, na mwenzake akasimama, vikatazamana. Havikusalimiana. Havikuachana. Vilivyotoka nyuma vikavifikia, navyo vikasimama, vikatazamana. Kabla Otmar hajagusa sinia, Mizani yote ilikuwa imeganda, maelfu ya vijitu vimekodoleana macho.

"Mzee," Mhandisi Kilasi akasema, "huu ni mtaa au makumbusho?"

Wasaidizi wakacheka. Mhandisi hakuwa na ubaya. Akasema wao wanakwenda kunywa chai, na chai ikiisha, ikiwa vijitu bado vimelala, atarudisha vile vya kiwandani na kuendelea na mitaa mingine. Wakatoka.

Otmar alibaki ameshika kingo za sinia kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akishika usukani kwenye mteremko wa Kitonga. Akilini alimwona Festo amebebwa kwenda Mbeya, amekaa kwenye kiti karibu na dirisha lisilofunguka, anayatazama mawingu kwa juu. Akamwambia mwalimu kwamba amewaaibisha wote, na kwamba mashine hii haina adabu, ndiyo sababu.

Mwalimu Atuganile hakumbembeleza. Alivuta kiti, akakaa, akachagua vijitu viwili vilivyoganda, akamwuliza Otmar swali moja tu.

"Vimezaliwa lini hivi?"

Otmar akatazama. Kijitu cha kwanza kilizaliwa asubuhi ile. Cha pili, asubuhi ile. Saa ile ile, dakika ile ile, mpaka chini kabisa kwenye vipande vya sekunde. Akatazama vingine viwili, na vingine. Mtaa mzima ulikuwa rika moja. Amewaambia wadogo wafanye nini, na wakubwa wafanye nini, na hakumwambia yeyote afanye nini akikutana na mwenzake aliyelingana naye. Kila mmoja hakuwa mdogo wa kuamkia, wala mkubwa wa kuamkiwa, na adabu haikuwaruhusu kuondoka.

Alicheka mpaka akatafuta leso. Mwalimu naye ikabidi acheke.

"Huko darasani uliviumba siku mbalimbali, ndiyo maana hukuona," akamwambia. "Kwanza kipe kila kimoja umri wake, wa bahati nasibu, kama watu. Lakini hata hivyo rika watakuwepo. Sasa niambie wewe, mzee wangu. Nyinyi rika mkikutana, nani huanza?"

Otmar akafikiri. Yeye na Festo, umri wote ule, nani alikuwa akianza? Hakukuwa na sheria. Siku nyingine Festo alikuwa na tusi tayari mdomoni, siku nyingine yeye. Aliyewahi ndiye aliyeanza, na aliyechelewa alilipiza. Alimweleza mwalimu hivyo, kwa aibu kidogo, kwa sababu baadhi ya matusi hayo hayasemeki mbele ya mwalimu.

"Hiyo ni kete," mwalimu akasema. "Kila mmoja arushe. Mwenye kubwa aanze utani."

"Haya."

"Na zikilingana?"

Hapo Otmar akaona jinsi ambavyo angeugandisha mtaa kwa mara ya pili. "Zikilingana," akasema, "warushe tena."

Wasaidizi waliporudi wakipangusa midomo, Mizani ilikuwa inatembea. Haikutembea kama maji, kama ilivyokuwa kwa vijitu vya kiwandani. Ilitembea kama sokoni siku ya Jumamosi. Wawili wanasimama, wanaachana; watatu wanakusanyika penye tangi, wanatawanyika; mmoja anashuka kwenye ukanda, anazungumza, anapanda tena. Na popote waliposimama, ukanda chini yao ulipunguza mwendo, ukawasubiri, ukaendelea.

Mhandisi Kilasi alitazama kwa muda, akapima. Akasema ukweli wake, na ulikuwa ukweli: kwa vijitu hivi, mtu wa Mizani atatumia karibu mara mbili ya muda wake kutoka mwisho hadi mwisho. Huo ndio utakuwa mtaa wa polepole kuliko yote Makambako. Hakuona kwa nini jiji liukubali.

Otmar akamwomba jambo moja. Kwenye nyumba iliyo karibu na tangi la maji kuna kijitu kimekaa ndani. Akizime.

Mhandisi akakizima. Kisha Otmar akamwomba arudishe kwanza vile vya kiwandani, wavione wote. Vikarudi, vikapita mbele ya ile nyumba, vikapita, vikapita, mstari usiokatika, kila kimoja kimenyooka. Walisimama wakavitazama mpaka ikawa vigumu kuendelea kutazama, na hapo mhandisi mwenyewe akaviondoa.

Vikawekwa vya Mizani. Cha kwanza kilifika mbele ya nyumba kikasalimu. Kikasubiri. Hakikujibiwa. Kikashuka kwenye ukanda kikasogea mlangoni. Cha pili kikafika, kikaona mwenzake yuko mlangoni, kikasalimu, kikashuka. Halafu wanne. Halafu ukanda wote ukapunguza mwendo taratibu ukasimama, na mlango wa ile nyumba ndogo kama kiberiti ulikuwa umezungukwa na mwanga.

Mhandisi Kilasi akauliza nani anakaa pale.

"Festo Mwalongo," Otmar akasema. "Kwa sasa yuko hospitali. Alilala sakafuni akiwaitikia watu."

Mhandisi alilijua jina hilo. Lilimfikia siku Festo alipoanguka, kama taarifa ya msongamano uliosababishwa na roboti la mikate. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Mtachelewa, mzee. Kila siku ya Mungu mtachelewa."

"Mwanangu, mimi nimeendesha lori. Nimechelewa Lusaka, nimechelewa Lubumbashi, nimechelewa hata harusi yangu. Hakuna aliyekataa kunipokea."

Mhandisi akacheka kidogo. Akatoa sharti: mtu wa Mizani asije ofisini kwake kulalamika kwamba ukanda ni mzito. Otmar akakubali kwa niaba ya mtaa, bila kuuliza mtaa. Wakati wa kuagana mhandisi alirudia shikamoo yake, na safari hii alisimama, mkono umetulia ndani ya mkono wa mzee, akaisubiri marahaba mpaka ikatoka yote.

Festo alirudi nyumbani baridi za Juni zilipoanza, anatembelea fimbo, binti yake amemfunga mablanketi kama gunia la viazi. Binti akakaa naye hadi alipoona jinsi ukanda unavyopita mlangoni polepole, kiasi cha msalimiaji kusikia jibu, akarudi Mbeya peke yake.

Si kwamba Mizani ilifurahi yote. Wenye zamu viwandani ilibidi waamke mapema kuliko wenzao wa mitaa mingine. Mama mmoja alimwambia Otmar usoni kwamba salamu zake zimemponza kwa msimamizi wake kazini. Wanafunzi walitunga wimbo kuhusu mtaa wa makonokono. Otmar alisikia, hakubisha. Gharama ilikuwepo na watu walikuwa wakiilipa kwa usingizi wao. Festo ndiye aliyelalamika kuliko wote. Alisema koo limemkauka kwa marahaba, na kwamba mtu mwenye nyonga ya chuma hapewi hata nafasi ya kuwa mgonjwa kwa amani.

Siku moja mchana, Otmar alipanda ukanda na begi begani. Miguu ilikuwa imemwasha tena. Alikuwa anakwenda stesheni kuchukua treni ya Tunduma, bila sababu ya maana, kwa kuutazama tu mpaka na kunusa barabara. Ukanda ukaenda vizuri, halafu ukaanza kupungua, halafu ukasimama kabisa; mtu mbele alikuwa amevuta breki. Mbele, karibu na tangi la maji, watu walikuwa wamejaa.

Akateremka, akakimbia kadiri magoti yalivyomruhusu, akapenya.

Binti wa shule alikuwa amemsalimu Festo hakujibiwa. Akashuka. Nyuma yake mchomeleaji, nyuma yake yule mama aliyemlaumu Otmar, nyuma yake wengine, na kibeba-mkate kilikuwa katikati yao, kimesimama na mkate wake. Ndani, kwenye kiti, chini ya mablanketi, Festo alikuwa ameinamisha kichwa. Yule mama alikuwa amepiga magoti ameshika mkono wake. Festo akafungua jicho moja. Akauona umati.

"Nani kafa?" akauliza.

Wakamwambia walidhani yeye.

"Basi mngeniacha nimalize usingizi, ndipo mje."

Watu wakaangua kicheko, cha hasira na cha nafuu pamoja. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja anamwamkia upya, naye anaitikia kila mmoja, mpaka breki ikaachiwa na ukanda nje ukaanza kusogea. Otmar alibaki mlangoni, begi begani, pumzi hazijamkaa sawa. Kule mbali treni ya Tunduma ililia honi yake ya kuondoka.

Wakatazamana, rika wawili. Kwa kitambo kidogo hakuna aliyeanza.

"Ulikuwa unakimbilia wapi na hilo begi, kama mwizi wa kuku?" Festo akasema.

Otmar akatua begi chini, akavuta kigoda, akaanza kutafuta tusi la kumlipa.